Penina Mlama: Mlezi wa Jukwaa Aliyewafundisha Mabinti Kusema

Akina mama wenzangu, katika makanisa yetu huku Mbeya na Iringa neno "mlezi" si geni. Kila kwaya ina mlezi wake. Yeye ndiye hutafuta nauli vijana wanapoalikwa usharika wa jirani. Yeye ndiye huwapatanisha wanapogombania sare, huwakemea wanapochelewa mazoezini, na husimama mbele ya wazee wa kanisa kuwatetea wanaposemwa vibaya. Siku ya uimbaji watu huwapigia makofi waimbaji. Mlezi yuko nyuma kabisa, amebeba kapu la vikombe.

Sanaa ya michezo ya kuigiza hapa nchini nayo imekuwa na walezi wa namna hiyo. Mmoja wao ni mwanamke, tena mwanamke aliyezaliwa kijijini kama wengi wetu. Naye ni Profesa Penina Muhando Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwandishi, mwalimu na kiongozi ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliitumia sanaa hiyo kuwatumikia watu, hasa wanawake na watoto. Makala haya yanakusudia kumpa heshima yake.

Pengine utauliza, ndugu msomaji: "Profesa wa Dar es Salaam anatuhusu nini sisi tunaolima mahindi Ismani, viazi Njombe na ndizi Rungwe?" Anatuhusu sana. Kazi kubwa ya mama huyu ilikuwa kumpa msichana mahali pa kusema jambo ambalo anaogopa kulisema. Na woga huo hauko Dar es Salaam peke yake. Umo katika nyumba zetu, na wakati mwingine umekaa mezani pamoja nasi tukisali kabla ya chakula.

Kutoka Berega hadi Mlimani

Penina Muhando alizaliwa mwaka 1948 huko Berega, Ukaguru, katika Mkoa wa Morogoro. Wakristo wa Kianglikana wanaifahamu Berega kwa misheni yake ya zamani na hospitali yake. Alikulia katika jamii ambayo bibi huwafunza wajukuu kwa hadithi, na ambayo ngoma na nyimbo za unyago ndizo zilizokuwa darasa la msichana. Alipokuwa mtu mzima na msomi hakuyadharau hayo. Aliyafanyia utafiti, akaonyesha kwamba sanaa za jadi za Wakaguru zilikuwa shule kamili, yenye walimu wake, masomo yake na namna yake ya kumpima mwanafunzi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wengi hukiita Mlimani, kilianza kufundisha sanaa za maonyesho. Penina alisoma hapo na kisha akafundisha hapo. Mwaka 1972 ulitoka mchezo wake uitwao Hatia, unaohusu msichana aliyepata mimba nje ya ndoa. Ukafuata Tambueni Haki Zetu mwaka 1973, Heshima Yangu mwaka 1974, Pambo mwaka 1975, Nguzo Mama mwaka 1982 na Lina Ubani mwaka 1984. Ukivitafuta vitabu hivyo, angalia jina la Penina Muhando. Ni katika kazi zake za baadaye ndipo utakapoliona jina la Mlama.

Jambo moja linastahili kusifiwa zaidi. Wakati huo msomi wa chuo kikuu aliyetaka kujulikana duniani aliandika kwa Kiingereza. Mama huyu aliiandika michezo yake kwa Kiswahili. Aliona kwamba haina maana kuandika mchezo juu ya shida za mama wa kijijini kwa lugha ambayo mama huyo hawezi kuisikia. Jina la mwandishi lilichelewa kufika ng'ambo, lakini ujumbe wake uliwafikia wenyewe.

"Michezo ya kuigiza ni uhuni"

Tukiri kwamba wengi wetu tumewahi kuitamka kauli hiyo. Binti akisema anataka kuigiza, mama hushika kichwa. Sababu zipo. Katika miaka ya 1980, hali ya uchumi ilipokuwa ngumu, vikundi vingi vya sanaa mijini vililazimika kujitafutia riziki. Vilifanya maonyesho katika kumbi za baa. Humo ngoma, sarakasi, vichekesho na muziki viliuzwa pamoja na bia. Mama mwenye heshima zake angeingiaje humo na watoto? Basi tukaichukia baa na sanaa yenyewe tukaitupa pamoja nayo.

Penina Mlama na wenzake nao waliliona tatizo hilo, lakini hawakukimbia. Walijenga nafasi nyingine. Pamoja na mwalimu mwenzake, Profesa Amandina Lihamba, mwanzoni mwa miaka ya 1990 walianzisha mradi wa sanaa za maonyesho kwa watoto, na matamasha ambayo watoto wa shule walitunga, wakaigiza na kutazamana. Mtoto aliyezoea kuchungulia dirishani mwa ukumbi wa baa akapata jukwaa lake mwenyewe, mchana, mbele ya mwalimu na mzazi wake.

Sisi Wakristo tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa kazi hii. Kumbukeni habari za nabii Nathani na Mfalme Daudi katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumfanyia hila mumewe auawe vitani. Nani angethubutu kumwambia mfalme kwamba ametenda dhambi? Nathani hakuanza kwa kumshutumu. Alimsimulia habari za tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Mfalme akaghadhibika, akamhukumu yule tajiri, kumbe amejihukumu mwenyewe. Mchezo mzuri wa kuigiza hufanya kazi hiyo hiyo. Mtu huketi akicheka makosa ya mwingine, na ghafla anatambua kwamba anayechekwa ni yeye.

Alikwenda kwa watu kusikiliza

Mwaka 1982 hadi 1983 Penina Mlama na walimu wenzake walikwenda Malya, wilayani Kwimba, Mkoa wa Mwanza. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kutungwa mjini. Waliishi na watu, wakauliza na kusikiliza. Miongoni mwa shida zilizojitokeza ilikuwa mimba za wasichana. Wananchi wenyewe, kwa kutumia ngoma na maigizo waliyoyazoea, walionyesha jambo hilo hadharani kisha wakalijadili. Kazi ya namna hiyo ilifanyika baadaye mahali pengine pia, kama Msoga katika Mkoa wa Pwani. Mwaka 1991 Mama Mlama alichapisha kitabu kinachoeleza njia hiyo, na wasomi wa nchi nyingi za Afrika wamekitumia.

Njia yenyewe ni rahisi kuieleza, ingawa si rahisi kuifuata. Kwanza, unakaa na watu mpaka wakuamini. Pili, wao ndio wanaotaja shida, si wewe. Tatu, wanatafuta chanzo chake: kwa nini jambo hili linatokea, na nani ananufaika likiendelea? Nne, wanalitungia mchezo kwa ngoma na hadithi zao. Tano, wanauonyesha mbele ya jamii nzima, wakiwamo wanaoguswa na lawama. Sita, na hapa wengi huchoka, mchezo ukiisha hakuna kuondoka. Watu hukaa wakajadiliana na kuamua nani atafanya nini.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimetoa mafunzo ya afya katika kliniki za mama na mtoto. Naweza kushuhudia kwamba njia hii ina nguvu. Ukisimama mbele ya akina mama arobaini na kuwahutubia juu ya magonjwa ya zinaa, wataitikia "ndiyo, sista" na kutazama chini. Lakini wakiigiza wanawake wenzao wawili, mmoja amejifanya mume anayekataa kwenda kupima na mwingine mke anayembembeleza, utasikia kicheko, kisha minong'ono, kisha mama mmoja atainua mkono na kusema: "Hata wangu yuko hivyo hivyo. Nifanyeje?" Hapo ndipo mafunzo yanapoanza.

Nguzo ambayo haijasimama

Mchezo wa Mama Mlama ninaopenda kila mama ausome ni Nguzo Mama. Katika kijiji kiitwacho Patata wanawake wametakiwa kuisimamisha nguzo kubwa, Nguzo Mama. Wanawake hao hawana majina ya kawaida. Wanaitwa Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, mpaka Bi Nane. Kila wanaposhika kamba wavute, linatokea jambo. Huyu ana mume mlevi. Yule ana kilio cha urithi, kwani ndugu za marehemu mumewe wamebeba kila kitu. Wengine wanabishana, wanaoneana wivu, wanatupiana maneno. Nguzo inabaki chini.

Angalieni, dada zangu, mwandishi hakutubembeleza. Angeweza kusema kwamba wanaume peke yao ndio wabaya, nasi tungepiga vigelegele. Alisema ukweli wote: kuna mila na wanaume wanaotuzuia, na kuna sisi wenyewe tunaoachia kamba katikati ya kazi. Mtu anayekupenda ndiye anayethubutu kukuambia hivyo.

Nani kati yetu hajaiona Patata? Mmeiona katika kikundi cha kuweka na kukopa kilichovunjika kwa sababu ya masengenyo. Mmeiona katika umoja wa wanawake wa kanisa ambamo mke wa mwalimu hataki kuongozwa na muuza mboga. Mmeiona msibani, pale shemeji anapohesabu mabati kabla arobaini haijafika, na sisi wanawake wa ukoo tumekaa jikoni kimya, tukisema, "Hayo ni mambo ya wanaume."

Tuseme

Mwaka 1996 Idara ya Sanaa na Sanaa za Maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzisha mradi katika shule za sekondari. Viongozi wake walikuwa Penina Mlama na Amandina Lihamba. Waliupa jina la neno moja tu: TUSEME.

Walikuwa wameona kwamba wasichana wengi wanaingia sekondari wakiwa na akili nzuri, lakini wanashindwa mitihani au wanaacha shule, na hakuna anayewauliza kwa nini. Katika TUSEME wasichana wenyewe walitaja vikwazo. Wapo waliosema hawana muda wa kusoma kwa sababu ya kazi za nyumbani. Wapo waliosema wanaogopa kujibu darasani kwa kuwa wavulana huwacheka. Wapo waliosema, kwa sauti ya chini, kwamba wanasumbuliwa na watu wazima, hata na baadhi ya walimu. Wakatunga michezo, wakaionyesha mbele ya wenzao, walimu na wazazi. Baadaye wakaunda vilabu vya Tuseme vya kuendeleza kazi hiyo shuleni.

Mama Mlama alikwenda baadaye Nairobi kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 1992. Kupitia jumuiya hiyo TUSEME ilienea katika nchi nyingine nyingi za Afrika. Watoto wa nchi zisizosema Kiswahili wakajifunza neno hilo moja la Kiswahili. Mtoto wa Berega alikuwa amelipeleka mbali.

Kwa nini neno hilo ni zito kwetu Wakristo? Fungua tena Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13. Tamari, binti wa mfalme, alifanyiwa ukatili na Amnoni, ndugu yake wa baba. Alilia hadharani, akararua vazi lake. Absalomu, kaka yake, akamwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu. Mfalme Daudi alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alifanya lolote. Tamari akabaki nyumbani kwa kaka yake katika ukiwa. Na je, ule ukimya uliiokoa familia? La hasha! Baada ya miaka miwili Absalomu alimuua Amnoni, na nyumba ya Daudi ikatumbukia katika vita vya baba na mwana.

Dada zangu, maneno ya Absalomu ndiyo tunayowaambia mabinti zetu mpaka leo. "Nyamaza, ni mjomba wako." "Nyamaza, ni mwalimu wa dini." "Nyamaza, utamvunjia baba yako heshima." Tunadhani tunailinda familia, kumbe tunamlinda Amnoni.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini

Tusiseme mambo haya ni ya mbali. Matokeo ya utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/23 yalionyesha kwamba miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, wanaoishi na virusi walikuwa asilimia 12.7 katika Mkoa wa Njombe, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya. Kwa Tanzania nzima ilikuwa asilimia 4.4. Mikoa yetu yenye makanisa kila kilima ndiyo inayoongoza. Zipo sababu nyingi: barabara kuu na malori yake, wanaume wanaohamahama kutafuta kazi, ulevi. Lakini sababu moja sisi akina mama tunaweza kuigusa kwa mikono yetu, nayo ni ukimya wa nyumbani.

Tena mikoa yetu, hasa Iringa na Njombe, kwa miaka mingi imepeleka mabinti wadogo mijini kufanya kazi za ndani. Wanashuka Kitonga na mkoba mmoja. Wengine hurudi na mimba, wengine na ugonjwa, wengine hawarudi. Wanaporudi, sisi huwauliza, "Umeleta nini?" Ni wachache wanaouliza, "Ulitendewa nini?"

Na wale wanaopata mimba wakiwa shuleni? Kwa miaka mingi mlango wa shule ulifungwa nyuma yao. Ni Novemba 2021 ndipo Serikali ilipotangaza kwamba msichana aliyekatisha masomo kwa sababu ya uzazi anaruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida. Hesabuni wenyewe. Kutoka Hatia ya mwaka 1972 hadi tangazo hilo ni karibu miaka hamsini. Anayelea jamii kwa sanaa hupanda mti ambao kivuli chake huchelewa.

Hapa lazima niseme neno la tahadhari. Kumfundisha binti kusema bila kumwandalia wa kumsikiliza ni kumtupa motoni. Msichana akisimama jukwaani akaonyesha yanayotendeka shuleni, kesho yake atarudi darasani kwa mwalimu yule yule. Akisema nyumbani, atalala chini ya paa lile lile. Ndiyo maana mchezo hautoshi. Nyuma yake lazima awepo mama.

Basi, ikitokea mtoto wako akakuambia amebakwa au ameguswa vibaya, fanya haya. Mwamini kwanza. Usimpige wala kumuuliza alivaa nini. Usimwogeshe wala kufua nguo alizovaa. Mpeleke hospitali upesi, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Toa taarifa polisi katika dawati la jinsia na watoto. Unaweza pia kupiga simu namba 116 ya huduma kwa mtoto, bila malipo. Na usikubali jambo hilo kumalizwa kwa kikao cha ukoo na debe la pombe. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 haikuwekwa kwa ajili ya wageni.

Hakuwa peke yake

Ukisoma habari za Mama Mlama utaona mara kwa mara majina ya wengine pembeni yake. Mchezo wa Harakati za Ukombozi wa mwaka 1982 aliuandika pamoja na Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya, wanawake watatu kwa kalamu moja. Alikuwa pia katika kundi la Paukwa la hapo chuoni, lililotoa mchezo wa Ayubu, jina ambalo kila msomaji wa Biblia analifahamu. Profesa Lihamba naye ni mwandishi, mwongozaji na mwigizaji mashuhuri, na wengi wanamkumbuka katika filamu ya Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985. Wanawake hawa wangeweza kushindana nani mkubwa. Walichagua kushika kamba moja. Pengine ndiyo sababu waliweza kuwaonyesha akina Bi Moja na Bi Nane jinsi nguzo inavyovutwa.

Hata alipopanda hadi uongozi wa juu wa taaluma chuoni, Mama Mlama hakuacha kulea. Taasisi ya Elimu Tanzania ilipoanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati yake. Tarehe 13 Aprili 2023 tuzo za kwanza zilitolewa kwa waandishi wa riwaya na ushairi wa Kiswahili. Aliyeanza kwa kuandika akawa anawafungulia mlango wanaoandika.

Heshima isisubiri msiba

Waswahili husema, mcheza kwao hutuzwa. Lakini sisi mara nyingi hutuza siku ya mazishi. Nchini Uganda alikuwapo mama mwingine wa namna hii, Rose Mbowa wa Chuo Kikuu cha Makerere, mtunzi wa mchezo maarufu wa mwaka 1987 juu ya Mama Uganda na watoto wake. Alifariki mwaka 1999. Sifa za marehemu husikiwa na waliobaki. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kumpa heshima anayestahili heshima, kama mtu anavyolipa deni. Deni halilipwi kaburini.

Tutamheshimuje basi Mama Mlama na wenzake? Si lazima tukodi basi kwenda Dar es Salaam. Napendekeza haya:

Kwanza, tafuteni kitabu cha Nguzo Mama, mkisome kwa sauti katika kikundi chenu, kila mama akichukua nafasi ya Bi mmoja. Hata asiyejua kusoma anaweza kusimuliwa na kuigiza.

Pili, shule ya binti yako ikialika wazazi kutazama michezo ya wanafunzi, nenda. Iwe Loleza, Iringa Wasichana au shule ya kata hapo kijijini, usitume salamu. Kaa mbele, tazama, na usiku muulize: "Yule msichana mliyemwigiza, yupo kweli?"

Tatu, michezo yetu ya Krismasi isiishie kwenye horini na mavazi ya mamajusi. Vijana waruhusiwe kuigiza Tamari, Nathani, na mjane aliyemsumbua kadhi mpaka akampa haki. Wachungaji na mapadre wetu wasiogope. Mambo hayo yamo katika Biblia yenyewe.

Nne, tumkumbuke mlezi wa hapo hapo tulipo. Yupo mwalimu anayebaki shuleni saa kumi na moja jioni kufundisha watoto maigizo bila posho. Yupo mama anayeshona mavazi ya malaika kwa vitenge vyake. Mpelekeeni chai. Mtajeni kwa jina kanisani, naye asikie.

Tano, na hili ndilo kubwa, tuwe watu wanaoweza kuambiwa. Mama yake mfalme Lemueli, katika Mithali sura ya 31, alimfundisha mwanawe kusema kwa ajili ya wasioweza kujisemea. Sisi tunapenda sana ile sehemu ya mwisho ya sura hiyo, ya mke mwema anayeamka kabla ya alfajiri. Tusiiruke sehemu ya mwanzo.

Mungu ambariki Mama Penina Mlama na wote waliolea jukwaa letu. Naye atupe masikio, ili binti zetu watakaposema wasikute nyumba imelala.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika jamii yetu, ni mambo gani msichana huambiwa anyamaze? Nani hunufaika na ukimya huo?

2. Soma 2 Samweli 13:1–22. Kama mama yake Tamari angekuwapo, ulitaka afanye nini?

3. Ni jambo gani huwafanya wanawake wa kikundi chetu waachie kamba katikati ya kazi?

4. Mlezi wa vijana katika usharika au parokia yetu ni nani, na mara ya mwisho tulimshukuru lini?